Damu Ina Saa Yake

Wazee wangu wa Chanika na Kabuku, wa Mkata, wa Mombo, wa Magoma na wa Korogwe mjini, sogeeni karibu. Nanyi vijana mlioko stendi mkisubiri abiria wa mwisho, punguzeni muziki kidogo, tuongee.

Leo nataka tuongee habari za tezi moja ndogo iliyojificha katikati ya kichwa, uvimbe unaoota ndani yake, na upasuaji wa kuutoa. Lakini kwenye kisu sitakaa sana, kisu kina wasimulizi wengi. Mimi nilikuwa mtu wa maabara. Maisha yangu ya kazi yamepita nyuma ya lile dirisha dogo mnalopitishia vikopo vyenu huku mmegeuza uso pembeni. Kwa hiyo nitaongea habari za damu: damu inayopimwa kabla ya upasuaji, damu inayopimwa mgonjwa akiwa amelala mezani, na damu inayopimwa akisharudi kwake Handeni au Korogwe. Na jambo ninalotaka mlishike ni moja, nitalirudia mpaka mnichoke: homoni haisomwi kwa namba peke yake, inasomwa kwa namba na saa.

Tuanze na tezi yenyewe. Inaitwa pituitari. Iko wapi? Weka kidole katikati ya nyusi zako, pale juu ya pua. Kidole cha mkono mwingine kiweke juu kidogo ya tundu la sikio. Sasa fikiria mstari unaoingia ndani kutoka kila kidole. Inapokutana ile mistari, hapo ndipo tezi ilipo, imekaa ndani ya kishimo cha mfupa. Uzito wake ni kama nusu gramu tu. Chini yake na mbele yake kuna uwazi unaopakana na nyuma ya pua, na hilo mlikumbuke, tutalihitaji. Juu yake hupita mishipa ya macho, ule wa kulia na ule wa kushoto, tena hapo ndipo inapopishana.

Kazi yake ni nini? Ni kuagiza. Inaiagiza tezi ya shingo ifanye kazi. Inaziagiza tezi za adrenali, zile zilizokaa juu ya figo, zitoe kortisoli, homoni inayotusaidia kuhimili homa, majeraha na mishtuko. Inaagiza mayai ya mwanamke na mbegu za mwanamume. Inatoa homoni ya ukuaji. Inatoa prolaktini, inayoleta maziwa kwa mzazi. Na sehemu yake ya nyuma inazihimiza figo zisimwage maji ovyo. Yote hayo kwa nusu gramu.

Sasa ndani ya tezi hiyo panaweza kuota uvimbe. Je, ni saratani? Mara nyingi sana, hapana. Ni uvimbe usiosambaa mwilini. Ila unaweza kufanya madhara mawili. La kwanza, kukandamiza: ukikua kwenda juu unaibana mishipa ya macho pale inapopishana, na mtu anapoteza kuona kwa pembeni. Mbele anaona vizuri, hata ukimpa Biblia au msahafu anasoma, lakini bodaboda ikitokea ubavuni haioni mpaka imfikie. Anagonga bega kwenye fremu ya mlango. Anapewa miwani, miwani haisaidii. La pili, kumwaga homoni kupita kiasi, na hapo mwili wote unabadilika.

Mfano. Mtu mzima wa miaka 40 anaanza kubadilisha saizi ya viatu. Alikuwa anavaa namba 42, sasa 44 inambana. Pete ya ndoa haitoki mpaka sonara aikate. Taya linasogea mbele, meno yanaachana, anakoroma mpaka mwenzake anahamia chumba cha watoto, jasho halimkauki, presha inapanda, sukari inapanda. Hiyo ni homoni ya ukuaji iliyozidi kwa mtu aliyekwisha kumaliza kukua. Kwa kuwa mabadiliko yanakuja polepole, kwa miaka, wanaoishi naye hawayaoni. Anayeyaona ni shangazi aliyekuja kutoka Dar baada ya muda mrefu, akasema, “Jamani, huyu ni nani?” Kama una wasiwasi na mtu wa nyumbani, toa kadi yake ya zamani ya mpiga kura, iweke kando ya uso wake wa leo. Madaktari wenyewe huomba picha za zamani, si utani.

Mfano mwingine. Binti hajazaa, hana mimba, lakini maziwa yanamtoka na hedhi imekatika. Au mama uso umekuwa wa duara, tumbo limejaa huku mikono na miguu imekonda, ana michirizi ya rangi ya zambarau tumboni, ngozi inachubuka kwa kuguswa tu. Kwa binti imezidi prolaktini, kwa mama imezidi kortisoli. Sisi wa Tanga tunataniwa nchi nzima kwamba kila jambo kwetu lina mganga wake, na utani huo tumeuzoea. Lakini mabinti wa namna hiyo nimewaona wakizungushwa kwa waganga mwaka mzima kabla hawajatolewa hata tone moja la damu. Simlaumu mzazi. Maziwa bila mtoto yanatisha, na anayetishika hukimbilia pale anapopajua.

Na hapa niruhusuni nichepuke kidogo kwa ajili ya kina mama. Wakati wa ujauzito tezi hii huongezeka ukubwa na kuhitaji damu zaidi. Mama akitokwa na damu nyingi sana wakati wa kujifungua, tezi inaweza kukosa damu na sehemu yake ikafa. Baadaye mama huyo maziwa hayatoki, hedhi hairudi, nywele za kwapani zinapukutika, anachoka, anasikia baridi wakati wenzake wanajipepea. Daktari Harold Sheehan wa Uingereza aliueleza ugonjwa huu mwaka 1937, na unaitwa kwa jina lake. Huo si uvimbe. Lakini damu inayopimwa ni ileile, na dawa nyingi ni zilezile. Kwa hiyo, mama uliyeponea chupuchupu leba na tangu hapo hujawa wewe, usinyamaze. Mwambie muuguzi: “Nilitokwa na damu nyingi, na maziwa hayakutoka.” Maneno hayo mawili yana uzito.

Haya, turudi kwenye uvimbe. Picha ya MRI imeonyesha kitu kwenye tezi. Je, kinachofuata ni kisu? Hapana. Kinachofuata ni damu. Kabla ya kisu, prolaktini. Narudia: kabla ya kisu, prolaktini. Kwa nini? Kwa sababu uvimbe unaotengeneza prolaktini, hata ukiwa mkubwa, mara nyingi hunywea kwa vidonge. Kuna kabergolini, kuna bromokriptini. Mtu anameza kidonge, uvimbe unapungua, macho yanaanza kurudi, hakuna aliyemgusa puani. Kwa hiyo kipimo kimoja cha damu kinaweza kumwokoa mtu na meza ya upasuaji. Na kabla ya prolaktini yenyewe, kama ni mwanamke, pimeni mimba kwanza, maana mimba nayo hupandisha prolaktini. Dawa fulani za kichefuchefu na za magonjwa ya akili huipandisha pia, basi mtajie daktari kila unachomeza.

Hapa sisi watu wa maabara tuna kisa chetu tunachokipenda. Prolaktini ikiwa nyingi kupita kiasi, baadhi ya mashine zinachanganyikiwa na kutoa namba ndogo. Uvimbe mkubwa kabisa kwenye picha, namba ya wastani kwenye karatasi! Mtaalamu anayejua kazi yake hupunguza makali ya sampuli kwa kuichanganya na maji maalumu ya maabara, kisha hupima tena, na hapo namba halisi hujitokeza, kubwa ya kutisha. Daktari akiona picha na namba havipatani, apige simu maabara. Hiyo simu haina gharama.

Kuna swali jingine la kuulizwa kabla ya kisu, nalo kwetu ni la lazima. Yule mama mwenye uso wa duara: je, amemeza nini, amepaka nini? Maana kuna vidonge vya deksamethasoni, watu wanaviita deksa, vinanunuliwa kwa kunong'onezana ili mtu anenepe, apate shavu. Kuna krimu za kung'arisha ngozi zenye dawa kali za jamii hiyohiyo. Ukivitumia kwa miezi, mwili unakuwa kama wa mgonjwa wa uvimbe, na tezi yenyewe inalala usingizi mzito. Ukimficha daktari krimu iliyoko kwenye mkoba, unaweza kupelekwa kutafutiwa uvimbe ambao haupo. Na ukiviacha ghafla, unaweza kuanguka. Kwa hiyo mgonjwa aseme, na anayemuuliza asimcheke.

Sasa twende chumba cha upasuaji. Njia inayotumika zaidi inapita puani. Mnakumbuka nilisema chini ya tezi kuna uwazi unaopakana na nyuma ya pua? Ndiyo njia hiyo. Hermann Schloffer aliipita mwaka 1907 kule Innsbruck, Austria. Harvey Cushing wa Marekani, ambaye ule ugonjwa wa uso wa duara unaitwa kwa jina lake, naye aliitumia kwa miaka, kisha akaiacha akapendelea kufungua fuvu, na wengi wakamfuata. Njia ya puani ikabaki karibu isahaulike, isipokuwa kwa Norman Dott wa Edinburgh aliyeendelea nayo. Kwake akajifunza Gérard Guiot wa Paris, na kwa Guiot akajifunza Jules Hardy wa Montreal, ambaye katika miaka ya 1960 aliingiza darubini ya upasuaji, akaweza kuutoa uvimbe mdogo na kuiacha tezi nzima. Hapa kwetu, kazi hii ya kupitia puani inafanywa na madaktari bingwa wa ubongo wa Taasisi ya MOI, pale Muhimbili. Anayetoka Handeni au Korogwe kwa barua ya rufaa, safari yake kwa kawaida inaishia huko.

Daktari ameingia, anaona uvimbe, anaukwangua. Swali gumu ni hili: atajuaje kwamba umekwisha? Uvimbe ni laini, tezi nzima nayo ni laini, mahali penyewe ni pembamba, na pembeni, kulia na kushoto, kuna mishipa mikubwa ya damu isiyotaka mchezo. Akiacha mabaki, ugonjwa unabaki. Akikwangua kupita kiasi, anaondoka na tezi nzima, na mgonjwa ataishi kwa dawa maisha yake yote. Jicho lake na darubini vinamsaidia. Je, damu inaweza kumsaidia? Hapa ndipo penye utamu wa mazungumzo yetu.

Chukulia barabara kuu imefungwa pale Segera, hakuna basi linaloruhusiwa kupita kuja Korogwe. Je, stendi ya Korogwe itakuwa tupu papo hapo? Hapana. Mabasi yaliyokwisha kupita Segera yataendelea kuingia. Yatapungua, yatakuwa ya kuhesabika, kisha hayaji tena. Ukisimama stendi na saa mkononi, utajua kama barabara imefungwa kweli, au kuna anayepitisha magari kwa njia ya panya.

Ndivyo ilivyo homoni. Uvimbe ukitolewa, homoni iliyokwisha kuingia kwenye damu bado inazunguka. Lakini mwili unaivunja kwa mwendo unaojulikana. Homoni ya ukuaji hupungua nusu kila baada ya dakika kama 20. ACTH, ile inayoziagiza adrenali, ni ya haraka zaidi, dakika kama 10 tu na nusu yake imekwenda. Kwa hiyo daktari wa usingizi anaweka mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono tangu mwanzo, anatoa damu kabla uvimbe haujaguswa, kisha uvimbe ukishatoka anatoa nyingine, na nyingine, kwa dakika zilizopangwa. Kila chupa inaandikwa saa na dakika. Inawekwa kwenye barafu, kuna mtu anatoka nayo mbio kwenye korido, anaifikisha kwenye mashine. Simu inalia chumba cha upasuaji. Namba ikiwa inashuka kwa mwendo unaotarajiwa, barabara imefungwa. Ikigoma kushuka, pengine kuna njia ya panya, na daktari anaangalia tena pembezoni kabla hajafunga.

Mmeona sasa kwa nini nasema namba na saa? Namba ya dakika ya 10 ukiisoma kana kwamba ni ya dakika ya 60, utamkwangua mtu bure.

Msinielewe vibaya lakini. Upimaji huu wa mezani si jambo la kila hospitali, hata katika nchi tajiri. Unataka mashine ya haraka iliyo karibu, na watu wa maabara walio tayari kuacha kazi nyingine zote kwa ajili ya mgonjwa mmoja. Pia kila dakika ya kusubiri namba, mgonjwa yuko chini ya dawa za usingizi. Hospitali nyingi zinategemea jicho la daktari na darubini, kisha vipimo vya siku zinazofuata. Na kwa ugonjwa wa Cushing kuna kikwazo cha ziada: kortisoli yenyewe inapungua taratibu, inachukua zaidi ya saa nzima kupungua nusu, na mgonjwa mara nyingi amepewa dawa ya aina hiyohiyo kumlinda. Huwezi kuisubiri mezani. Maoni yangu, kama mtu wa maabara aliyestaafu asiye na bajeti ya kutetea, ni kwamba nchi yetu isianze na mashine ya mezani. Ianze na vile vipimo vya kabla na vya baada, vifanyike vizuri, kwa saa yake, kila mahali. Huko ndiko wagonjwa wanakopotelea.

Na hata kupima huko kwenyewe ni jambo la juzi tu. Homoni hizi ziko kwenye damu kwa kiasi kidogo cha kuchekesha, ACTH inahesabiwa kwa sehemu za trilioni ya gramu. Zamani hakukuwa na mashine ya kuziona. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mwanafizikia Rosalyn Yalow na daktari Solomon Berson, katika hospitali ya askari wastaafu kule Bronx, New York, walikuwa wakichunguza insulini kwa kutumia chembe za mionzi. Wakagundua njia ya kupima vitu vidogo kiasi hicho. Hawakuikatia hataza, waliiacha dunia itumie. Berson alifariki mwaka 1972. Yalow akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977, mwanamke wa pili kupata ile ya tiba. Kila karatasi ya homoni mnayopewa dirishani ina mkono wa yule mama ndani yake.

Haya, upasuaji umekwisha, pamba zimetolewa puani. Tuongee sasa ya nyumbani, na hapa naomba ndugu wa mgonjwa wasogee karibu na redio.

Siku za kwanza kabisa, tezi ikiwa imeshtuka, figo zinaweza kukosa agizo la kushika maji. Mgonjwa anakojoa sana, mkojo mweupe kama maji, na kiu haimwachi. Hospitalini mkojo unapimwa kwa chombo chenye alama na damu inapimwa sodiamu, na dawa ipo. Mara nyingi hali hiyo hutulia. Lakini sikilizeni linalofuata. Karibu na siku ya 7, pengine mgonjwa amekwisha kuruhusiwa, mambo yanaweza kugeuka kinyume: mwili unashika maji kupita kiasi, sodiamu inashuka. Kichwa kinauma, kichefuchefu, anaongea visivyoeleweka, anaweza kudegedega. Na sisi wa Handeni na Korogwe tukiona kichwa na kichefuchefu tunasema nini? Malaria! Tunampa dawa mseto, na tunamwambia, “Kunywa maji mengi, baba.” Yale maji mengi ndiyo yanayomzamisha. Mpimeni malaria, ndiyo, lakini mwambieni daktari wa zamu pale Magunga au hospitali yoyote iliyo karibu: “Huyu ametolewa uvimbe wa pituitari wiki iliyopita, tunaomba apimwe sodiamu leo.” Leo, si Jumatatu. Na majimaji meupe kama maji yakimtiririka puani akiinama, arudi hospitali, wala asipenge kamasi kwa nguvu.

Halafu kuna kortisoli. Homoni hii ina ratiba: asubuhi iko juu, usiku wa manane iko chini. Kwa hiyo daktari anataka damu ya saa 2 asubuhi. Kwenye karatasi pengine ameandika 8:00, na nimewahi kuona mtu akaja saa 8 mchana, ametulia, amekula wali wake, ameshika karatasi. Saa 2 asubuhi, jamani. Sasa fikirini: mtu yuko Chanika, kliniki iko Dar es Salaam. Hata akipanda basi la kwanza, mpaka avuke Mkata, Chalinze na foleni za Kibaha na Kimara, jua liko utosini. Damu itatolewa mchana, namba itakuwa chini, na daktari atabaki anajiuliza kama tezi imekufa au basi limechelewa. Mwombe daktari wako mojawapo ya mambo mawili: ulale Dar usiku wa kuamkia kliniki, au damu itolewe huku asubuhi, yasafiri majibu badala ya kusafiri mgonjwa. Na kama unameza haidrokotisoni, vile vidonge vya kuziba pengo la kortisoli, uliza mapema: dozi ya jioni ya jana na ya asubuhi hii nizimeze kabla ya damu au baada? Ukiimeza kabla, mashine itapima kidonge, haitakupima wewe.

Kwa ACTH ni kali zaidi. Damu hiyo inataka chupa ya kifuniko cha zambarau, barafu papo hapo, izungushwe kwenye mashine yenye ubaridi, kisha igandishwe. Ikikaa mezani kwenye joto letu la Februari, homoni inavunjika. Namba itatoka, tena imechapwa vizuri, lakini ni uongo. Je, kazi ya ubaridi na saa tunaiweza huku? Tunaiweza sana. Kituo cha utafiti cha NIMR Korogwe kilikuwa kimoja kati ya vituo 11 barani Afrika vilivyofanya jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009. Watoto wa vijiji vyetu walitolewa damu, sampuli zikaandikwa na kutunzwa kwa utaratibu, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo. Watu waliofanya kazi ile hawakutoka sayari nyingine. Wengine mnakutana nao sokoni Manundu.

Kuna jambo moja linawachanganya ndugu. Kwa mgonjwa wa Cushing, kortisoli ikishuka chini kabisa siku chache baada ya upasuaji, daktari anafurahi. Maana yake uvimbe umeondoka, na ile sehemu nzima ya tezi, iliyokuwa imelazwa na uvimbe, bado haijaamka. Itachukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Lakini namba hiyohiyo inayomfurahisha daktari inaweza kumuua mgonjwa akikosa vidonge. Vidonge visikatike. Narudia: vidonge visikatike. Anaposafiri, viwe kwenye begi la mkononi, si kwenye buti la basi. Akipata homa, malaria iwe malaria kweli, dozi huongezwa mara 2 au 3 kama daktari alivyomwelekeza. Akitapika kidonge hakikai, anahitaji sindano, na awahishwe. Aandikiwe kadi, atembee nayo pamoja na kitambulisho chake: “Natumia haidrokotisoni, nikianguka nichomwe sindano.”

Kwa yule wa viatu, subira ndefu zaidi. Homoni ya ukuaji inapanda na kushuka kutwa nzima, hivyo damu ya mara moja tu haisemi kitu. Anaweza kunyweshwa glukosi gramu 75 na kutolewa damu kila nusu saa kwa saa 2, kuona kama homoni inashuka inavyopaswa. Na kuna homoni nyingine inayotengenezwa na ini kwa agizo la ile ya ukuaji, inaitwa IGF-1. Hiyo haiyumbi kwa dakika, ila inachelewa kutulia. Haipimwi vizuri mpaka kama wiki 12 baada ya upasuaji. Akipimwa wiki ya pili, namba bado iko juu, familia inalia bure. Mikono nayo itapungua uvimbe, pete inaweza kuvalika tena, lakini taya lililokua halirudi, huo ni mfupa.

La mwisho, nimeulizwa mara nyingi na watu wa Handeni: mgonjwa anayetumia haidrokotisoni, Ramadhani afunge? Kukaa tangu alfajiri mpaka magharibi bila dozi na bila maji, kwa mtu ambaye mwili wake hautoi kortisoli, ni hatari ya kweli. Wapo wanaobadilishiwa dawa na ratiba wakafunga kwa uangalizi, wapo wanaokatazwa kabisa. Basi nenda kliniki kabla mwezi haujaandama, si usiku wa daku ya kwanza. Na shehe wako atakukumbusha ruhusa ya mgonjwa ni ipi. Ukiwa umeanza kufunga ukajisikia kizunguzungu, jasho la baridi na kutapika, fungua hapohapo, umeze dawa, uende hospitali.

Muda umenitupa mkono. Wenye maswali tumeni ujumbe mfupi kwenye namba ya kipindi, ila majina ya wagonjwa msiandike. Juma lijalo, saa hizi hizi, tutapanda Usambara kwenye rovu na chumvi yenye madini joto.